Mwoga Mwenye Leseni

"Ni masanduku yako, Yahaya, usinizungushe," Semeni mshonaji alikuwa anasema, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mlango wake uliogoma kufunga. "Umeyalundika ukutani kwangu mpaka ukuta umevimba."

Yahaya ni fundi redio wa chumba cha jirani, mwembamba, na mdomo wake mrefu kuliko waya zake zote. Alijibu kwamba tangu azaliwe hajaona ukuta uliovimba kwa ajili ya redio mbovu, na kama kuna kitu kimevimba kwenye ghorofa hii basi kimesimama mlangoni na kanga. Koridoni tulikuwa tumejaa. Mimi nilikuwa nimeacha maharage jikoni bila hata kupunguza moto, maana Semeni akigombana huwa anataja mambo ya watu, na mambo hayo harudii.

Ndipo nikatazama juu ya mlango wake.

Fremu ilikuwa imelala upande. Kona moja imeshuka chini ya mwenzake, na kati yake na ukuta pamebaki upenyo mwembamba mweusi. Humo lilikuwa linamwagika vumbi, taratibu, kama vile mtu anachekecha unga chumba cha juu.

"Semeni," nikasema, "mlango haujavimba. Jengo linashuka."

Nyuma ya masikio yao matulizo yakawaka. Kila mtu na lake, punje ndogo kama ya ulezi iliyozikwa chini ya ngozi, ikatoa mwanga wa kijani na kuzima. Korido nzima ikametameta kama vimulimuli. Ndivyo yanavyofanya kazi. Hofu ikianza kupanda, ile punje inaisikia kwenye mshipa wa shingo na kuituliza kabla mwenyewe hajajua kuwa ilikuwapo. Hasira inabaki, wivu unabaki, aibu inabaki. Inaondoka hofu tu. Baada ya ile miaka ya vurugu, watu walipokanyagana masokoni kwa uvumi mtupu, nchi nzima iliona bora iwe hivyo, na kusema kweli tangu hapo hatujakanyagana.

"Inawezekana," Semeni akasema, kama mtu aliyeambiwa kesho Jumapili, kisha akamgeukia Yahaya wamalizane.

Mimi sina tulizo. Watu wa kazi yangu haturuhusiwi, kwa sababu asiyeogopa hawezi kumwogofya mwenzake. Naendesha hadithi za mezani, mchezo wa kete na dadu ambao wachezaji wanaigiza watu wa hadithi ya kutisha. Leseni yangu imebandikwa ukutani, na kwa leseni hiyo mimi, Kasiana Nyoni, ndiye mwoga pekee kwenye jengo la ghorofa nne.

Mzee Kihwele, mwenyekiti wa jengo, akashuka ngazi kuja kuamua ugomvi. Nikamvuta mkono, nikamwonyesha ufa unaotoka kwenye kona ya fremu kwenda sakafuni. Akachomeka kidole. Kikaingia chote. Akakichomoa, akakipuliza vumbi.

"Mngoni wewe," akasema, na watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza, "mlango ukilia kidogo tu unadhani Wahehe tumefuata ng'ombe wetu."

Hapo ndipo mkosi wangu ulipo. Mimi Mngoni, yeye Mhehe, na hao ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Mtani husema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Nimewahi kumwambia Mzee Kihwele mbele ya wageni wake kwamba alikufa siku nyingi, tunasubiri tu mchango wa sanduku ukamilike; akaninunulia soda. Nimewahi kumchukua jogoo wake mchana kweupe, nikampelekea paja lililopikwa. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa najiharibia, maana siku nilipokuja na neno la kweli lilipokewa kama yale mengine. Nilimwambia tutafia humu ndani. Akasema sawa, ila nitangulie mimi nikawashe moto huko.

Ofisini kwa wakaguzi wa majengo nilikwenda. Kijana akaja na mashine yake, akaipima nguzo ya chini. Sikio lake likawa linawaka na kuzima nikimwangalia. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba hali si nzuri hata kidogo, na ripoti itatoka mwezi ujao.

Ningeweza kufunga virago nikaenda zangu. Lakini chumba changu hakijawahi kukosa viatu vya watu mlangoni. Wale ndio nakula nao, ndio nawasengenya, ndio wananisengenya. Kila nikitazama begi nawaona wamelala, wote, ghorofa juu ya ghorofa, na lile vumbi linawamwagikia usoni wala hawageuki.

*

Njia ya kisheria ya kulaza tulizo la mtu ni moja tu, nayo ni meza kama yangu. Wachezaji wanaweka viganja juu yake, meza inawaomba ridhaa, wakikubali matulizo yao yanalala mpaka mwendeshaji atamke maneno ya kufunga. Ndiyo maana leseni inataka hadithi ya kikao kimoja, inayoanza na kuisha pale pale: hakuna anayetaka mtu arudi nyumbani na hofu yake nzima. Na kuna jambo moja inalolikataza kuliko yote. Usilete mezani kitisho cha kweli. Joka lete, mizimu lete, jitu la vichwa vingi lete. Ugonjwa wa mtu au nyumba ya mtu, hapana. Wametoa ridhaa ya kuogopa joka.

Nikakaa chini kuandaa hadithi ya kuwadanganya.

Hadithi fupi haina nafasi ya mapambo. Inataka mahali pamoja, watu wenye haja, kitu kinachowazuia, na sababu ya kufanya haraka. Mahali nikajenga Ngome ya Malkia Kiziwi, juu ya kilima. Watu ni walinzi watatu waliobaki zamu. Chini ya ngome nikaweka Mla-Msingi, funza mweupe mwenye meno ya binadamu, anayetafuna mawe yaliyoibeba ngome. Malkia hamsikii, na raia wanamwamini malkia. Mwendeshaji mzuri huacha njia nyingi za kushinda: upanga umefichwa mahali, mganga ana dawa, funza ana mama wa kubembelezwa. Mimi niliziziba zote. Nikauondoa upanga, nikamuua mganga. Ikabaki njia moja, kuwatoa watu wote nje.

Ramani nayo haikunipa kazi. Ghorofa nne, ngazi upande wa mteremko, nguzo nene chini, kati ya chumba cha mshonaji na karakana ya mhunzi. Nilichobadilisha ni majina.

Kete ya mpiga upinde nikamtengea Semeni, ya mhunzi Yahaya. Mzee Kihwele nikamchongea mpiga baragumu, anayekaa juu ya lango, kwenye hewa, mbali na funza. Hapo nilikuwa na sababu.

Mkewe, Bi Sikudhani, ndiye aliyeniletea hiyo sababu hadi chumbani. Alikuja kuchambua mchele nami, kama kawaida yake, akaiona ramani. Yule mama haongei sana, lakini haoni nusu. Akanieleza kwamba daktari aliwaambia wazi: moyo wa mzee umechoka, na kinachouhifadhi ni lile tulizo. Hofu moja kubwa, basi. Akaniomba nimwache nje ya mchezo. Nikamwambia Semeni na Yahaya wakiogopa peke yao watachekwa. Jengo hili watu hawahamishi hata ndoo bila kumuuliza mzee, asipotoka yeye hatatoka mtu. Nikamwonyesha lango, nikamwapia kwamba atakaa juu kule na baragumu yake, hatashuka hatua moja.

Akanyanyuka, punje za mchele zikadondoka kutoka kwenye kanga. Sikio lake lilikuwa linawaka kijani, lakini hasira tulizo haliigusi.

"Akifa mezani kwako, Kasiana, msibani kwangu usikanyage. Hata kama ni mtani."

Kwa sisi tunaojua kwamba msibani mtani ndiye anayehudumu na kuwachekesha wafiwa, hilo si neno dogo. Sikulala vizuri. Na bado Jumamosi nikawaita.

*

Walikuja alasiri, wakajaa hadi kitandani, wengine dirishani kwa nje, na sufuria la makande limekaa kwenye mkaa mlangoni. Wachezaji watatu wakaweka viganja mezani. Meza ikauliza, wakajibu ndiyo. Kwa kawaida hapo ndipo ninapofurahi, nikiona mtu mzima anakumbuka mwili wake. Semeni alianza kufuta viganja kwenye kanga. Yahaya akacheka kitu ambacho hakikuchekesha, akashindwa kuacha. Watazamaji hawalazwi matulizo, wao walikuwa wanakula karanga.

Nikampa Mzee Kihwele kete yake ya baragumu. Akaigeuza geuza, akaitumbukiza kwenye chai yangu.

"Mngoni akupe kitu kwa mkono wake halafu upokee?" akawauliza watu. Wakaangua kicheko. Akamnyang'anya Yahaya kete ya mhunzi, akasema yeye anashuka chini kabisa, na huyo fundi redio akapulize baragumu langoni.

Ningempa shimo angedai lango. Mtoto mdogo wa jengo lile angejua. Mimi nilikuwa nimepanga kila jiwe la ngome, nikasahau kwamba mtani wangu hajawahi kupokea nilichompa. Bi Sikudhani alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani. Alinitazama tu, na mimi ningeweza kuvunja kikao wakati huo huo, nikasema meza imeharibika.

Sikuvunja.

Nikawapitisha kwenye ukumbi wa malkia ili waone raia wanavyocheka. Nikawashusha ngazi. Semeni akaniuliza mpiga upinde anasikia nini, nikagonga ukucha mezani: tik, tik, kama meno yanajaribu jiwe. Kisha nikanyamaza ili wausikie ukimya. Ukutani, nyuma ya leseni yangu, kitu kikajibu. Tik.

Hiyo sikuiandika. Nikasahau nilikuwa nasema nini. Watazamaji wakadhani ni mbinu, wakanipigia makofi.

Mzee Kihwele akarusha dadu, ikaanguka vibaya. Nikamwambia taa ya mhunzi imefika kwenye nguzo, na nguzo iliyokuwa nene kuliko watu wawili waliokumbatiana sasa imetafunwa ikawa kama kifundo cha mkono. Nikamwambia juu yake vumbi linamwagika, taratibu, kama unga unachekechwa. Kuna ufa. Mhunzi anachomeka kidole, kinaingia chote.

Mzee akaacha kutabasamu. Akakiangalia kidole chake. Niliiona hofu ikimpanda kutoka tumboni, polepole, kama mgeni anayepita nyumba ambayo hakuiingia miaka mingi na hajui vitu vimewekwa wapi. Midomo ikamgeuka rangi. Mkono ukaenda kifuani.

"Kasiana," akasema. Hakusema Mngoni. "Hiyo ngome ina ghorofa ngapi?"

"Funga hadithi," Bi Sikudhani akasema kutoka mlangoni.

Maneno ya kufunga nilikuwa nayo mdomoni. Nikiyasema, tulizo linaamka, moyo unatulia, mzee anapona, na usiku watu wote wanapanda kulala. Nisipoyasema, huenda namuua mtu mbele ya mkewe, kwa hofu ambayo hakuiridhia. Jasho lilikuwa linamtiririka mzee hadi kidevuni. Watazamaji walikuwa wanacheka. Wakasema mwenyekiti anajua kuigiza.

Hata yeye akajaribu kucheka. Alikuwa anautafuta mlango wa kutokea, akaupata.

"Utani wako leo umezidi, mama," akasema, na nikaona anavyotamani iwe hivyo.

Nikatoka kwenye stuli. Nikapiga magoti kwenye sementi, nikakutanisha viganja.

"Kamwene, baba."

Ni salamu ya Kihehe, ya heshima, mtoto anavyomsalimia mkubwa wake. Tangu nihamie jengo lile sijawahi kumpa. Mtani hapigi magoti. Kicheko kikakatika chumba kizima, hata dirishani.

"Leo sikutanii," nikasema. "Ni hapa. Ni nguzo ya chini, baina ya vyumba vya Semeni na Yahaya. Watoe watu."

Alichukua muda kusimama, akijishikiza kwa meza. Kisha Mzee Kihwele akawaambia watu watoke, watoto kwanza, kila mtu kama alivyo, na asiyetaka kutoka atamtoa yeye. Hakupaza sauti. Wakatoka kwa sababu mwenyekiti kasema, masikio yanametameta, wananung'unika kwamba hadithi imekatwa patamu. Kuna waliokumbuka kubeba sufuria.

*

Nje jua la Juni lilikuwa linaelekea kuzama na baridi ya Iringa imeshaanza kuuma. Tulisimama ng'ambo ya barabara. Semeni alikuwa analia kwa kwikwi, ameng'ang'ania shati la Yahaya, na Yahaya naye amemshika kwa mikono yote miwili. Mzee Kihwele alikaa kwenye ukingo wa mtaro, anapumua kwa vipande. Mkewe alikuwa amemshika mgongo. Hakunitazama.

Nikainama, nikamwambia mzee kwamba hadithi bado iko wazi, nikiifunga sasa moyo wake utapumzika.

"Ukifunga nitatulia," akasema kwa taabu. "Nikitulia nitarudi kuchukua koti langu. Nikirudi mimi, watarudi wote. Iache hivyo hivyo."

Ile ndiyo ridhaa niliyopaswa kuiomba mwanzo. Nikaipokea, bila kujua kama kitu cha namna ile kinapokewa baadaye.

Watu walishaanza kuchoka. Bi Mwanaidi, mwenye nyumba ile tuliyosimama mbele yake, alikuwa amelipokea sufuria la makande na kusema atalirudisha motoni kwake, tusisimame barazani kama wadai. Wengine wakawa wanauliza mwenyekiti anawakalisha barabarani mpaka saa ngapi. Mmoja akaanza kuvuka kurudi. Mzee Kihwele akanyanyua mkono mmoja tu, na yule akasimama.

Halafu tukasikia kama gunia limeachiwa sakafuni. Likafuata lingine, na lingine. Upande wa mteremko jengo likakaa chini, kama mtu aliyechoka anavyokaa, magoti kwanza; kisha ghorofa zikalaliana, na vumbi likatoka kwenye madirisha yote kwa pamoja.

Kelele zilikuwa za watu wanne. Mimi, Semeni, Yahaya na mzee. Tulipiga ukunga hadi koo likakauka. Wengine wote, watu wa jengo zima, walisimama wakitazama nyumba yao ikishuka, na nyuma ya masikio yao kijani kinawaka bila kuzima, safu nzima. Mama mmoja karibu yangu alisema nguo zake zilikuwa bado hazijakauka. Mwingine alimjibu pole. Sijawahi kusikia pole iliyonitisha kama ile.

Vumbi lilipotulia wote tulikuwapo. Tukaitana majina, wote wakaitika.

Nikageuka. Mzee Kihwele alikuwa amelala ubavu mapajani mwa mkewe, uso kama majivu, macho wazi lakini hayashiki kitu. Nikapiga magoti tena na kuyasema maneno yangu, yale ninayoyasema kila kikao.

"Taa imezimwa, walinzi wameshuka zamu, kila mtu arudi..."

Nikakwama. Nilikuwa nimefika kwenye neno ambalo halikuwa na maana tena.

"Sema," Bi Sikudhani akasema.

"Kila mtu arudi kwake."

Sikio la mzee likawaka. Kisha kifua kikapanda, kikashuka, kikapanda tena bila kukwama. Rangi ikarudi kwanza midomoni. Akajiinua kwa kiwiko, akalitazama lile rundo.

"Aisee," akasema. "Limeshuka kweli." Akafikiri kidogo. "Na koti langu."

Semeni akaliachia shati la Yahaya, akamuuliza alikuwa anamshikashika kwa sababu gani. Yahaya akasema ndiye aliyeshikwa. Wakavuka hivyo hivyo wanabishana hadi kwa Bi Mwanaidi, na wengine wakawafuata, maana makande yalikuwa yanasikika harufu. Mzee akatembea mwenyewe, mkewe pembeni yake. Mlangoni akainama kidogo, kwa sababu ya urefu wake tu, akaingia.

Nikabaki barabarani. Kesho watakuja kuichukua leseni, na wana haki. Nitaulizwa niliomba ridhaa gani. Wenzangu watakumbuka kila kitu, watasimulia hata, lakini hawatakihisi, na mtu asiyehisi kilichomkosa utamwambia nini? Niliutazama mlango wa Bi Mwanaidi. Niliitazama fremu yake, kona kwa kona. Ilikuwa imenyooka, na bado miguu ilikataa.

Bi Sikudhani akatoka. Akaja hadi nilipo, akasimama karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya vumbi kwenye kanga yake. Sikio lake lilikuwa giza.

"Alikuwa ananiponyoka mikononi," akasema. "Nilimhisi anaondoka."

Nikasema najua.

"Nimekukasirikia, Kasiana. Na bado nimekasirika, usidhani yameisha."

Nikaitikia kwa kichwa. Akanitazama miguu, kisha mikono inavyotetemeka, kwa makini, kama mtu anayesoma kitu cha lugha aliyoisahau. Akanishika kiganja, akakikaza.

"Nitapita mimi kwanza," akasema. "Wewe nifuate. Ingia ule."